Kupamba nyumba kwa nakala ya mchoro wa kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara mtu anapotaka kutundika mchoro wa Vermeer, Bruegel au Hokusai sebuleni. Kazi nyingi haziharibiki kwenye printa wala kwenye msumari. Zinaharibika mapema zaidi, pale mtu anapochagua ukubwa wa nakala kabla hajajua mchoro wenyewe una ukubwa gani. Ndiyo maana sehemu ya vipimo ni ndefu kuliko nyingine.

## Kabla ya kuchapa

1. Nakala nzuri inatofautianaje na bango la kawaida?

Bango huchapwa kwa wingi kwa mashine ya ofseti, kwenye karatasi nyepesi ya gramu 130 hadi 170 kwa mita ya mraba. Ukiweka lenzi ya kukuzia juu yake utaona vidoti vilivyojipanga kama vijiua. Nakala nzuri huchapwa kwa printa inayorusha wino, kwenye karatasi nzito isiyo na asidi au kwenye kanvasi, na hata kwa lenzi rangi zake zinapita polepole kutoka moja kwenda nyingine.

Bango si kosa. Kwa chumba cha kupanga utakachokihama mwaka ujao linatosha kabisa. Ukitaka picha ikae ukutani miaka kumi bila kupauka, soma swali la 10 na la 11.

2. Naruhusiwa kuchapa mchoro wa kale bila kumwomba mtu ruhusa?

Kwa michoro iliyo ya kale kweli, ndiyo. Hakimiliki huhesabiwa tangu kifo cha msanii: Mkataba wa Berne unaweka angalau miaka 50, na nchi nyingi zimefikisha 70. Vermeer alifariki 1675, Hokusai 1849, Van Gogh 1890, Klimt 1918, Monet 1926. Kazi zao sasa ni mali ya umma karibu kila mahali. Picasso ni habari nyingine: alifariki 1973, kwa hiyo penye kanuni ya miaka 70 kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2043.

Kinachowachanganya watu ni picha ya kamera iliyopigwa mchoro huo. Mahakama ya shirikisho huko New York iliamua mwaka 1999 kwamba picha inayonakili tu mchoro bapa ulio mali ya umma haipati hakimiliki mpya, na Agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 linakwenda njia hiyohiyo. Hata hivyo tovuti ya makumbusho inaweza kukuwekea masharti yake ya matumizi, basi yasome kabla ya kupakua. Kwa wanaotaka kuuza, tazama swali la 26.

3. Faili nzuri naipata wapi?

Anza na makumbusho yanayomiliki mchoro wenyewe. Rijksmuseum ya Amsterdam inatoa faili kubwa bila malipo. Metropolitan Museum of Art ya New York iliachia picha za kazi zilizo mali ya umma mwaka 2017, Art Institute of Chicago ikafuata 2018, Cleveland Museum of Art 2019, na makumbusho ya jiji la Paris 2020. Wikimedia Commons nayo ina faili kubwa sana, ila hapo soma maelezo chini ya picha: tafuta toleo lililotoka kwenye makumbusho, si lililoskaniwa kutoka kitabu cha zamani.

Usichukue picha iliyojitokeza kwenye matokeo ya utafutaji. Mara nyingi ina pikseli 1,200 kwa upana, na hiyo haifiki hata karatasi ya A4 kwa ubora unaofaa.

4. Mbona mchoro mmoja una rangi tofauti katika kila tovuti? Niamini ipi?

Amini ya makumbusho, hasa iliyopigwa karibuni. Rijksmuseum iliwahi kukuta nakala za mchoro wa Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa zimesambaa mtandaoni zikiwa za manjano, kiasi kwamba wageni walizitilia shaka kadi za posta za dukani mwao, ambazo ndizo zilizokuwa na rangi sahihi. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watoe faili nzuri bure.

Sababu ya pili ni vernishi. Vernishi ya kale hugeuka kahawia, na mchoro ukisafishwa unabadilika sura. Kile kinachoitwa Lindo la Usiku cha Rembrandt, cha 1642, si tukio la usiku. Jina hilo lilikuja baadaye, uso wa mchoro ulipokwisha kuingia giza. Picha iliyopigwa kabla ya usafi na iliyopigwa baada yake ni kama michoro miwili.

Halafu kuna rangi zilizojifia zenyewe. Van Gogh alipochora chumba chake cha kulala huko Arles mwaka 1888 aliandika kwamba kuta ni za zambarau hafifu. Leo ni za buluu, kwa kuwa wekundu uliokuwa ndani ya mchanganyiko umepauka. Kwa hiyo usijaribu "kusahihisha" buluu hiyo kwenye kompyuta. Ndivyo mchoro ulivyo sasa.

## Ukubwa na vipimo

5. Nianze na picha ninayoipenda au na ukuta nilionao?

Anza na ukuta, kwa dakika kumi tu. Chukua gazeti au karatasi ya kufungia, kata kwa ukubwa unaoufikiria pamoja na fremu, bandika kwa utepe wa wapaka rangi, kisha kaa pale unapokaa kila siku. Iache siku mbili. Karibu kila mtu hugundua kwamba alikusudia picha ndogo mno.

Juu ya kochi au kitanda, upana wa picha pamoja na fremu uwe kama theluthi mbili za upana wa kochi. Kochi la sm 210 linataka picha ya sm 140, au mbili zinazofikisha hapo zikiwa pamoja.

6. Ni lazima nichape kwa ukubwa wa asili?

Si lazima, lakini ujue ukubwa huo kwanza, kwa sababu mchoraji aliupima mguso wa brashi kwa kipimo hicho. Msichana Mwenye Hereni ya Lulu wa Vermeer, aliyeko makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, ana sm 44.5 × 39 tu. Ukimkuza hadi mita moja na nusu, uso wake unakuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote atakayeingia chumbani, na ule utulivu unapotea. Wimbi Kubwa la Hokusai ni dogo zaidi, kama sm 26 × 38, nalo wala si mchoro wa brashi: lilichapwa tangu mwanzo kwa vibao vya mbao, nakala nyinginyingi.

Kinyume chake, Wawindaji Thelujini wa Bruegel (1565, Vienna) ni sm 117 × 162. Ukiwabana kwenye A3, watu wanaoteleza kwenye barafu kule bondeni wanageuka vumbi la pilipili. Mchoro wenye watu wengi wadogo ama upewe nafasi, ama uchape kipande chake (swali la 9).

Kanuni inayotusaidia: mchoro mdogo usiukuze zaidi ya mara moja na nusu kila upande, na mchoro mkubwa usiupunguze chini ya nusu.

Jambo moja dogo linalogharimu wengi: makumbusho huandika kimo kwanza, upana baadaye. Mafundi wengi wa kuchapa huandika upana kwanza. Taja kwa maneno, "kimo sm 44.5, upana sm 39", usitume namba tupu.

7. Faili iwe na pikseli ngapi?

Gawa sentimita kwa 2.54 upate inchi, kisha zidisha kwa vidoti kwa inchi. Kwa picha itakayotazamwa kwa karibu tumia 300. Kwa picha kubwa itakayotazamwa kutoka mita mbili au zaidi, 150 zinatosha.

Yule Msichana kwa ukubwa wake wa asili, kwa 300, anahitaji pikseli 4,606 za upana na 5,256 za kimo. Wawindaji kwa ukubwa wao kamili, kwa 150, wanahitaji kama 9,570 za upana na 6,910 za kimo. Faili ikipungua kidogo, mathalani ukafika 240 badala ya 300, jicho halitalalamika. Ikishuka chini ya 120, kingo za vitu zinaanza kulainika kama sabuni iliyolowa.

Ubora wa faili nao uangalie, si wingi wa pikseli peke yake. Fungua picha kwa asilimia 100, uende kwenye jicho au kwenye kidole. Ukiona miraba miraba, faili hiyo ilibanwa mno na hakuna printa itakayoiponya.

8. Mchoro hauenei kwenye fremu za kawaida. Nikate pembeni?

Usikate. Fremu za dukani huja kwa sm 30 × 40, 40 × 50, 50 × 70, 60 × 80, na wachoraji wa kale hawakuchora kwa vipimo hivyo. Tofauti hiyo huliwa na kadi ya dirisha, yaani ile kadi nene iliyotobolewa katikati inayoizunguka picha ndani ya fremu.

Tuchukue yule Msichana tena, upana 39 na kimo 44.5, ndani ya fremu ya upana 50 na kimo 60. Dirisha lipande juu ya picha mm 3 kila upande ili ukingo usichungulie, kwa hiyo tundu liwe 38.4 kwa 43.9. Pembeni: 50 toa 38.4 ni 11.6, gawa kwa mbili, sm 5.8 kila upande. Juu na chini: 60 toa 43.9 ni 16.1. Usigawe sawasawa. Mpe juu 7.5 na chini 8.6, kwa sababu picha iliyo katikati kabisa huonekana kama inateleza kwenda chini. Sasa jaribu hesabu hiyohiyo kwenye fremu ya 50 × 70: unabaki na sm 26.1 za juu na chini kwa jumla dhidi ya 11.6 za pembeni zote mbili, na picha inaonekana imepotea kwenye mnara. Fremu ikikataa namna hiyo, tafuta nyingine au iagize kwa fundi.

Kumbuka kwamba fremu nayo hufunika kama mm 5 za kadi kuzunguka pande zote.

9. Na nikitaka sehemu tu ya mchoro?

Hilo ni tofauti na kukata ili mradi picha ienee. Kipande kilichochaguliwa kwa makusudi, kama ndege na miti ya Bruegel au mikono miwili katika picha ya ndoa, kinaweza kupendeza kuliko mchoro mzima. Chagua kipande chenye mwanzo na mwisho wake, usipitishe mkato kwenye kifundo cha mkono, shingo au goti, na uhesabu upya pikseli za kipande hicho peke yake.

Kukata ili mchoro uenee ukutani ni maradhi ya zamani. Mwaka 1715 Lindo la Usiku lilipunguzwa pande zote nne lipate kuingia kwenye ukuta wa ukumbi wa mji wa Amsterdam. Vipande vilivyokatwa havijaonekana hadi leo.

## Karatasi, wino na rangi

10. Karatasi au kanvasi?

Fuata asili. Michoro ya rangi za mafuta huvumilia kanvasi. Rangi za maji, michoro ya kalamu na chapa za Kijapani zichapwe kwenye karatasi, kwani ukiziweka kwenye kanvasi unaona vitu viwili vinavyogombana: nyuzi za kitambaa na ulaini wa wino.

Hata kwa rangi za mafuta, sisi huegemea karatasi nzito isiyong'aa, ya pamba, gramu 200 hadi 310, ndani ya fremu yenye kioo. Picha ya makumbusho tayari inaonyesha nyuzi za kanvasi ya asili na nyufa za rangi. Ukiichapa juu ya kanvasi nyingine, nyuzi za picha na nyuzi za kweli zinapishana. Kwa ile gundi nene inayopakwa juu ili ionekane kama mipigo ya brashi, jibu ni hapana: mipigo hiyo haifuati mchoro, na mwanga wa pembeni huiumbua mara moja.

Ukichagua kanvasi, agiza ziada. Kwa mbao ambazo kanvasi huvutwa juu yake, zenye unene wa sm 3.8, unahitaji kama sm 6.5 kila upande, za kukunja na kupigilia pini nyuma. Ziada hiyo itokane na kuakisi ukingo wa picha kama kwenye kioo, au iwe rangi moja tu. Usikubali uso wa mchoro wenyewe ukunjwe pembeni.

11. Aina ya wino ina maana gani?

Ina maana kubwa. Wino wa rangi iliyoyeyushwa hung'aa siku ya kwanza na kupauka upesi kwenye mwanga. Wino wa chembe za rangi, unaoitwa pigmenti, hudumu miongo ukiwa ndani ya kioo na mbali na jua. Muulize fundi swali hilo moja kwa moja. Muulize pia kama karatasi yake ina kemikali ya kuongeza weupe. Kemikali hiyo huchoka, na karatasi iliyokuwa nyeupe pe inakuwa na umanjano usiopendeza.

12. Nakala imetoka giza kuliko nilivyoiona kwenye skrini. Nani kakosea?

Kwa kawaida ni skrini. Skrini hutoa mwanga, karatasi huurudisha tu, na skrini nyingi zimewekwa mng'ao mkali kupita kiasi. Ipunguze hadi karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake ilingane nayo kwa weupe, ndipo uhukumu picha.

Michoro yenye vivuli vizito, kama ya Rembrandt na Caravaggio, ndiyo inayoumia zaidi. Kwenye skrini unaona mkunjo wa nguo ndani ya giza, kwenye karatasi isiyong'aa unaona weusi mtupu. Nyanyua kidogo sehemu za giza peke yake, usiongeze mwanga wa picha nzima, maana utaoshea ngozi na mawingu.

Kabla ya kuchapa kubwa, chapa kipande cha A4 kwa ukubwa halisi, chenye sehemu ya giza na sehemu ya uso. Kipeleke nyumbani ukitazame pale picha itakapokaa, mchana na usiku. Mtume fundi faili yenye wasifu wa rangi ndani yake, yaani maelezo yanayoiambia printa rangi zisomweje: ule uitwao sRGB kama hakusema vingine.

13. Naweza kutumia programu ya kukuza picha ndogo?

Kwa kiasi, mara mbili kila upande. Programu hizi hazirudishi kilichopotea, zinabuni. Nyufa za rangi ya kale zinageuka utando wa buibui au zinafutwa kabisa, na ngozi inakuwa kama plastiki. Kagua macho, vidole na sahihi ya mchoraji. Vikibadilika hata kidogo, rudi swali la 3 utafute faili nyingine.

## Fremu na kioo

14. Kadi ya dirisha ni pambo tu?

Hapana, inazuia picha isiguse kioo. Unyevu ukijikusanya ndani ya kioo, wino uliogusana nacho huganda, na hapo nakala imekwisha (swali la 23). Usipotaka kadi, weka vipande vyembamba vya plastiki vya mm 3 hadi 5 ndani ya mfuo wa fremu (ule mfereji wa ndani unaoshika kioo), vifichwe na ukingo wake.

Kadi iwe haina asidi. Ya bei rahisi hugeuza ukingo wa picha kahawia baada ya miaka michache, na alama hiyo haitoki.

15. Nakala niibandikeje?

Juu peke yake, kwa bawaba mbili za karatasi. Kata vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, kila kimoja kama sm 3, bandika nusu nyuma ya ukingo wa juu wa picha na nusu kwenye kadi ya nyuma, kwa gundi ya wanga wa ngano au utepe usio na asidi. Pande nyingine tatu ziachwe huru. Karatasi hupanuka na kunywea kwa unyevu, na ukiifunga pande zote nne haina pa kwenda ila kujikunja mawimbi.

Selotepu na utepe wa kahawia wa kufungia maboksi visikaribie picha. Gundi yake hupenya na kuacha doa la manjano.

16. Kioo au akriliki?

Kioo hakikwaruziki na husafishwa kwa urahisi. Akriliki ni nyepesi kwa nusu na haivunjiki, kwa hiyo ni bora kwa picha kubwa, kwenye chumba cha watoto na juu ya kitanda. Kioo cha mm 2 kina kilo 5 kwa mita ya mraba: picha ya sm 60 × 80 inabeba kilo 2.4 za kioo, na kilo 1.1 hivi ikiwa ni akriliki ya unene huohuo.

Vyote viwili hupatikana vyenye kinga ya miale ya urujuanimno na visivyorudisha mwanga. Kwa mchoro wenye giza nyingi, kile kisichorudisha mwanga kinastahili gharama yake. Bila hicho utatundika kioo cha kujitazamia.

Akriliki isifutwe kwa dawa ya vioo yenye amonia, itaingia ukungu. Na chochote unachofutia, nyunyizia kitambaa, usinyunyizie picha. Tone likiteremka hadi kwenye mfuo linafyonzwa na kadi.

17. Mchoro wa kale unadai fremu ya dhahabu yenye nakshi?

Haudai. Waholanzi wa karne ya 17 waliipenda sana fremu nyeusi ya mpingo, au ya mti mwingine uliotiwa weusi ufanane nao. Degas na Pissarro walijaribu fremu nyeupe. Chapa ya Kijapani hupendeza kwenye mbao nyembamba isiyo na pambo. Dhahabu iache kwa michoro ya dini na ya kifalme, na hata hapo chagua iliyofifia. Dhahabu ya plastiki inayong'aa huishusha nakala nzuri ikafanana na kalenda.

Kuhusu rangi ya ukuta: mchoro wa giza kwenye ukuta mweupe kabisa huonekana kama shimo. Kijani kizito, kijivu au udongo huufungua.

## Kutundika na taa

18. Urefu gani kutoka sakafuni?

Kitovu cha picha kiwe kati ya sm 145 na 152, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Juu ya kochi kanuni hiyo inavunjwa: acha sm 15 hadi 25 kati ya mgongo wa kochi na ukingo wa chini wa fremu. Picha zilizopandishwa karibu na dari ndilo kosa linaloonekana zaidi majumbani.

Mahali pa msumari: kitovu, jumlisha nusu ya kimo cha fremu, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya ukiwa umevutwa. Fremu ya kimo cha sm 80 ambayo waya wake unakaa sm 10 chini ya ukingo: 150 + 40 − 10, msumari uende sm 180.

19. Msumari mmoja unatosha?

Kwa picha ndogo chini ya kilo 2, ndiyo. Zaidi ya hapo weka mbili, zikiachana kama theluthi ya upana wa fremu na zikipimwa kwa pimamaji. Mbili pia huizuia picha kupinda kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Pete za waya zifungwe kwenye mbao za pembeni za fremu, robo hadi theluthi kutoka juu.

Ukuta wa tofali au zege unataka drili, plagi na skrubu. Ukuta wa jipsam unataka plagi zake maalumu zinazofunguka kwa nyuma, kwani plagi ya kawaida hutoka na unga wake. Na kabla ya kutoboa juu au chini ya swichi, kumbuka kwamba nyaya hupita hapo wima.

20. Picha kadhaa pamoja?

Zipange sakafuni kwanza. Achia sm 5 hadi 8 kati yake na uhesabu kundi zima kama picha moja unapotafuta kitovu. Michoro ya zama tofauti huelewana ikiwa na fremu za namna moja au rangi inayojirudia.

21. Taa gani?

LED yenye uaminifu wa rangi (CRI) wa 90 au zaidi, joto la rangi 2,700 hadi 3,000 K. Ikae darini kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima: dari ikiwa sm 270 na kitovu sm 150, taa iwe kama sm 70 kutoka ukutani. Ikisogea karibu zaidi, fremu inatupa kivuli juu ya picha. Ikienda mbali, kioo kinaanza kumulika.

Makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye luksi 50 hivi, na za mafuta 200. Nyumbani si lazima uwe mkali kiasi hicho. Kinachohitajika ni kuepuka ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja, hata kwa saa moja kwa siku.

## Mambo yanapoharibika

22. Ndani ya kioo kumetokea ukungu mweupe wiki chache baada ya kufremu.

Wino ulifungiwa kabla haujakauka, na vimiminika vyake vimepanda kwenye kioo. Fungua, futa kioo, laza nakala chini ya karatasi tupu kwa siku moja au mbili huku ukibadilisha karatasi hiyo, kisha funga tena. Inawapata zaidi wenye karatasi ya picha inayong'aa.

23. Nakala imegandana na kioo.

Usivute. Kwa kuwa faili unayo, chapa nyingine na urudi swali la 14.

24. Karatasi imejikunja mawimbi, au kanvasi imelegea.

Karatasi: toa kwenye fremu, achia pande zilizobandikwa, laza kati ya karatasi safi chini ya vitabu vizito siku tatu, kisha itundike kwa bawaba za juu tu. Ikirudia, tatizo ni ukuta: ule wa nje unaopigwa na mvua hutoa unyevu. Bandika vifundo vya mpira kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Vidoti vya kahawia vinavyosambaa ni kuvu, nayo huja kwa njia hiyohiyo.

Kanvasi: nyuma kwenye pembe za mbao kuna nafasi za vikabari. Gonga kila kimoja taratibu kwa nyundo ndogo, pembe kwa pembe kwa zamu, mpaka kanvasi itoe mlio wa ngoma hafifu. Fremu ambayo mbao zake zimegundishwa haina nafasi hizo, na dawa yake ni kuvuta na kupigilia upya.

25. Naweza kutundika bafuni au jikoni?

Karatasi na kanvasi, hapana. Mvuke na mafuta vitazimaliza. Bafuni chapa moja kwa moja juu ya bati la alumini. Jikoni, ukilazimika, weka mbali na jiko, ndani ya fremu iliyozibwa nyuma kwa utepe wa karatasi.

26. Nimechapa vizuri, majirani wanataka. Naweza kuwauzia?

Mchoro ukiwa mali ya umma na faili ikiwa imetolewa bila masharti, alama ya CC0, ndiyo. Faili yenye sharti la matumizi yasiyo ya kibiashara, hapana, hata kama mchoraji alikufa karne nne zilizopita, kwa sababu ulikubali sharti hilo ulipoipakua. Tafuta toleo jingine la mchoro uleule. Usitumie nembo ya makumbusho kana kwamba wamekuidhinisha, na nyuma ya kila nakala andika kwamba ni nakala, jina la mchoraji, mwaka na mahali mchoro wa asili ulipo.